Hukumu ya mwisho na njaa ya Shakahola

Na Mwandishi Wetu

TAREHE 14 Aprili 2023 polisi wa Kenya waliingia katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, upande wa bara wa mji wa Malindi, wakakuta watu waliodhoofika kiasi cha kushindwa kusimama. Siku hiyo waliokolewa watu 15, na wanne kati yao wakafa kabla ya kufikishwa hospitali. Wiki moja baadaye majembe yakaanza kufukua. Kaburi moja likaonyesha jingine, hilo nalo likaonyesha mengine kumi, na hadi mwaka unakwisha miili iliyotolewa ardhini ilikuwa imepita 400.

Wengi wa marehemu hao hawakufa kwa risasi, wala panga, wala maradhi. Walikufa kwa njaa. Mwanapatholojia mkuu wa serikali, Dk. Johansen Oduor, alieleza kwamba dalili za njaa zilionekana katika miili mingi, na kwamba baadhi yao, wakiwamo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa, kuzibwa pumzi au kupigwa.

Mhubiri aliyetajwa katika mkasa huu ni Paul Nthenge Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi kabla ya kuanzisha kanisa lake la Good News International mwaka 2003. Upande wa mashtaka ulidai kwamba aliwafundisha wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu kabla dunia haijafika mwisho. Mwaka 2024 yeye na wenzake walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya ugaidi, ya kuua watu 238 bila kukusudia, na ya mauaji ya watoto 191. Walikana mashtaka yote.

Makala haya hayana nia ya kuwatangulia majaji. Yanauliza jambo jingine ambalo halimalizwi na hukumu ya mahakama yoyote. Ilikuwaje fundisho la hukumu ya mwisho, ambalo katika Injili limefungamana na chakula cha mwenye njaa, likageuzwa kuwa sababu ya kumnyima mtoto uji?

Ghadhabu haikuzuliwa msituni

Kwanza tuwe wakweli. Wapo waliosema baada ya Shakahola kwamba habari za ghadhabu ya Mungu na siku ya hukumu ni ushirikina wa zamani, ufutwe, watu wahubiriwe upendo peke yake. Kwa Mkristo jambo hilo si rahisi hivyo. Katika Imani ya Mitume na ile ya Nikea, ambazo Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri huzikiri kanisani, imo ahadi kwamba Kristo atarudi kuwahukumu walio hai na waliokufa. Paulo anaufungua waraka wake kwa Warumi kwa habari ya ghadhabu ya Mungu juu ya udhalimu wa wanadamu. Kitabu cha Ufunuo kinaonyesha kiti kikubwa cha enzi na vitabu vikifunguliwa. Na Yesu mwenyewe ndiye aliyezungumzia jehanamu mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote katika Agano Jipya.

Jaribio la kumwondolea Mungu ghadhabu nalo si jipya. Katika karne ya pili tajiri mmoja aliyeitwa Marcion alifundisha kwamba Mungu wa Agano la Kale, mwenye hasira, si yule aliye Baba wa Yesu. Kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144. Mwanzoni mwa karne ya nne mwandishi wa Kilatini Lactantius, aliyekuwa mwalimu wa mtoto wa mfalme Konstantino, aliandika kitabu kizima juu ya hasira ya Mungu. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba asiyechukia uovu hawezi kusemwa kuwa anapenda wema. Mzazi anayeona mwanawe akipigwa na jambazi, akatabasamu tu, hatusemi ana moyo wa upendo. Tunasema hana moyo.

Martin Luther naye, katika karne ya 16, aliita ghadhabu kazi ngeni ya Mungu, kwa maana kwamba rehema ndiyo kazi iliyo yake hasa. Ghadhabu ipo, lakini si tabia ya Mungu anayefurahia kuangamiza. Ni upendo unaokataa kuuzoea uovu.

Madhehebu yanatofautiana katika maelezo. Wakatoliki hufundisha hukumu ya kila mtu mara anapokufa, kisha hukumu ya wote siku ya mwisho, na toharani kwa wanaohitaji kutakaswa. Walutheri husisitiza kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo. Wasabato huamini kwamba waovu mwishowe watateketezwa na kutoweka kabisa, wala si kuteswa milele. Makanisa mengi ya kilokole huhubiri unyakuo kabla ya dhiki kuu. Lakini pamoja na tofauti hizo zote, mambo mawili wanakubaliana. Mwenye kuhukumu ni Mungu, si mhubiri. Na siku yenyewe haijulikani.

Swali la siku hiyo

Sasa tuje kwenye kiini. Hukumu ya mwisho imeelezwa kwa kirefu katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo. Mwana wa Adamu ameketi, mataifa yote yamekusanyika, anawatenga kama mchungaji atengavyo kondoo na mbuzi. Kisha inatolewa sababu ya hukumu. Msomaji asiyeijua sura hiyo angetazamia kwamba watu wataulizwa habari za tarehe, ishara, namba ya mnyama, au kama walikuwa na vitambulisho vya serikali. Hakuna hata moja.

Yanayotajwa ni sita. Nani alimlisha mwenye njaa? Nani alimnywesha mwenye kiu? Nani alimkaribisha mgeni, akamvika aliye uchi, akamtazama mgonjwa, akamtembelea mfungwa? Na Hakimu mwenyewe anasema kwamba aliyekuwa na njaa ni yeye. Waliomlisha hawakujua kuwa wanamlisha. Waliomnyima hawakujua kuwa wanamnyima. Hapo ndipo pande zote mbili zinaposhangaa.

Ndugu msomaji, liweke jambo hili pembeni ya yale yaliyosimuliwa Shakahola. Walionusurika walieleza kwamba watoto ndio waliopangwa kufa kwanza, wakafuata wanawake, kisha wanaume, na kiongozi awe wa mwisho. Kama simulizi hizo ni za kweli, basi watu hao walifundishwa kujiandaa kwa hukumu kwa kutenda lile hasa ambalo hukumu yenyewe inalilaani. Walimtafuta Kristo juu mawinguni, naye kwa maneno yake mwenyewe alikuwa mtoto aliyelala chini ya mti akiomba maji.

Hata kufunga kwenyewe hakuna maana hiyo. Nabii Isaya, sura ya 58, anawasuta watu waliokuwa wakifunga na kuinamisha vichwa huku wakiwaonea vibarua wao. Mfungo ambao Mungu anautaka, kwa mujibu wa nabii huyo, ni kuvunja nira ya aliyefungwa na kumgawia mwenye njaa mkate. Anayefunga anajinyima yeye ili mwingine ale. Hamfungishi mwingine, sembuse mtoto mchanga ambaye hajui dhambi wala toba.

Waliopanga tarehe

Shakahola haikuwa mara ya kwanza mwisho wa dunia kutangazwa. Mkulima mmoja wa jimbo la New York nchini Marekani, William Miller, Mbaptisti aliyeisoma Biblia kwa bidii, alipiga hesabu kutoka kitabu cha Danieli akatangaza kwamba Kristo angerudi kati ya Machi 1843 na Machi 1844. Muda ukapita. Wafuasi wake wakarekebisha hesabu, wakaweka tarehe 22 Oktoba 1844. Baadhi yao waliacha mazao shambani, maana ya nini kuvuna? Kulipokucha tarehe 23 dunia ilikuwa palepale, na wengi walilia. Siku hiyo imeingia katika historia kwa jina la Masikitiko Makuu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Miller alikiri hadharani kwamba hesabu yake haikutimia, na hakumuua mtu. Miongoni mwa waliobaki walitoka walioanzisha Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863, na ambalo halikurudia tena kuweka tarehe. Mwaka 1903 wamisionari wa kanisa hilo walifika Upare, katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Leo ukienda Kigoma utakuta hospitali ya Heri ambayo ni yao. Watu ambao babu zao wa kiimani waliacha mazao shambani wakingoja mbingu ifunguke, walijifunza kungoja huku wanatibu wagonjwa na kufundisha watoto kusoma. Mtu anaweza asikubaliane nao katika mafundisho mengine, lakini hilo ni somo.

Harold Camping, mhandisi na mwenye kituo cha Family Radio huko Oakland, California, alitangaza tarehe 21 Mei 2011. Kabla ya hapo alikuwa ameshatabiri mwaka 1994. Mabango makubwa yakawekwa barabarani, na baadhi ya wafuasi wakatumia akiba zao zote kulipia matangazo. Mei ikapita. Akasema Oktoba 21. Nayo ikapita. Machi 2012 aliandika barua kwa wasikilizaji wake akikiri kwamba kuweka tarehe ilikuwa dhambi. Alifariki Desemba 2013. Lakini waliotoa akiba zao hawakurudishiwa.

Kila tarehe inapopita, aliyeitangaza ana njia mbili. Ya kwanza ni kukiri. Ya pili ni kuficha.

Kanungu ilivyokuwa

Njia ya pili tuliiona Uganda. Kusini-magharibi mwa nchi hiyo, katika miaka ya 1990, kulikuwa na kundi lililojiita Harakati za Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake walikuwa Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na Dominic Kataribabo, aliyekuwa padri wa Kanisa Katoliki. Wafuasi waliuza mali zao na kukabidhi fedha kwa viongozi. Walizuiwa kuzungumza, wakawa wanawasiliana kwa ishara. Walifunga mara nyingi. Waliambiwa kwamba dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999.

Tarehe 1 Januari 2000 jua likachomoza Kanungu kama kawaida. Baadhi ya wafuasi wakaanza kuuliza habari za mali zao.

Tarehe 17 Machi 2000, siku ya Ijumaa, baada ya karamu ya ng'ombe na soda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada huko Kanungu. Milango na madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari. Mwanzoni polisi walidhani watu hao wamejiua kwa hiari. Kisha ikafukuliwa miili katika nyumba nyingine za kundi hilo, kwa mfano Rugazi na Buziga, Kampala. Hao walikuwa wamekufa kabla ya moto, na hapo ndipo neno mauaji lilipoanza kutumika. Jumla ya waliokufa inatajwa kuwa zaidi ya 700. Hakuna kiongozi hata mmoja aliyefikishwa mahakamani.

Tofauti ya Kanungu na kisa cha Miller haiko kwenye hesabu, kwa kuwa wote walikosea. Tofauti iko kwenye swali la nani ana haki ya kuuliza. Kwa Miller watu waliuliza, wakajibiwa, wakaondoka au wakabaki. Kwa Kibwetere kuuliza kulikuwa uasi. Palipo na mhubiri asiyeulizwa, hukumu ya Mungu hugeuka kuwa hukumu ya mhubiri, na ghadhabu inayotangazwa ni yake mwenyewe.

Rufaa ya mnyonge

Kwa nini basi watu wanaendelea kuipenda habari ya hukumu? Wasomi wengine hujibu haraka kwamba ni ujinga na umaskini. Jibu hilo halitoshi. Shakahola walikuwamo watu waliosoma na waliokuwa na kazi zao. Tena lipo jambo ambalo mtu aliyekulia katika nchi yenye mahakama zinazofanya kazi anaweza asilione.

Kwa mtu aliyeonewa, hukumu ya mwisho ni rufaa ya mwisho. Nabii Amosi, mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, hakuwatishia ghadhabu wanawake wanaochota maji kisimani. Aliwatishia waliomuuza maskini kwa thamani ya jozi ya viatu, na mahakimu waliokula rushwa langoni. Waliokuwa wakiingojea siku ya Bwana kwa hamu, wakidhani itawanufaisha wao, aliwaambia kwamba itawakuta na giza.

Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu wa askari wake. Tarehe 16 ya mwezi huohuo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa akiwa mikononi mwa serikali. Serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Waliouona mwili walisema una majeraha ya risasi. Amin alipinduliwa mwaka 1979, akaishi uhamishoni, akafariki hospitalini Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 2003. Hakusimama mbele ya hakimu yeyote hata siku moja.

Mjane wa mtu aliyepotelea mikononi mwa askari wa Amin aende wapi? Mwambie kwamba hakuna hukumu baada ya kifo, kwamba faili limefungwa Jeddah, na utakuwa umemwambia kwamba muuaji ameshinda milele. Mwandishi huyu, kama wasomaji wengi wa ukurasa huu, yuko mbali na kwao si kwa kupenda, na anawajua watu ambao kesi zao hazitasikilizwa katika mahakama ya nchi yoyote. Kwao habari ya vitabu kufunguliwa siku moja si tishio. Ni faraja.

Zaidi ya faraja, ni kizuizi. Paulo anawaambia Wakristo wa Roma wasijilipizie kisasi kwa sababu kisasi ni cha Mungu. Mwanateolojia Miroslav Volf, mwenyeji wa Kroatia, aliyeandika wakati vita vya Yugoslavia vingali vibichi, alitoa hoja kwamba asiyeamini hukumu ya Mungu atashawishika kushika upanga mwenyewe. Anayeamini anaweza kuuweka chini. Waliopita Rwanda baada ya 1994, wakaona makanisa ya Ntarama na Nyamata ambamo watu waliuawa walimokimbilia, wanaelewa uzito wa hoja hiyo.

Kwa hiyo fundisho ni lilelile moja. Likielekezwa kwa mwenye nguvu anayemwonea mnyonge, linakuwa sauti ya Amosi. Likielekezwa kwa mnyonge ili amtii mwenye nguvu, linakuwa Kanungu.

Hofu inayozaa matunda

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano mwingine ambao haukumalizikia kaburini. Katika miaka ya 1930, kuanzia Gahini nchini Rwanda, uliibuka Uamsho ulioenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Walokole wa wakati ule walihubiri dhambi na hukumu bila kupunguza makali. Watu walitetemeka na kulia. Lakini angalia kilichofuata. Walioiba walirudisha walichoiba. Waliogombana walitafutana wakapatana. Waafrika na wamisionari wa Kizungu waliungamiana makosa yao, jambo ambalo enzi ile ya ukoloni halikuwa dogo.

Katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, baadhi ya walokole wa Kikuyu walikataa kula kiapo, na hapohapo wakakataa kupokea bunduki za serikali ya kikoloni. Wapo waliouawa kwa msimamo huo. Walimwogopa Mungu kiasi kwamba hawakumwogopa mtu wa upande wowote. Hofu ya namna hiyo ilimfanya mtu awe salama kwa jirani yake. Hofu ya Kanungu ilimfanya mtu awe hatari hata kwa mwanawe.

Kitabu cha Yona nacho kinafaa kukumbukwa. Nabii anatumwa Ninawi kutangaza kwamba mji utaangamizwa baada ya siku 40. Watu wakatubu, Mungu akaghairi, tarehe ikapita bila moto. Yona hakufurahi, alikasirika. Akaenda kukaa nje ya mji atazame. Kitabu kinaisha kwa Mungu kumuuliza kama yeye asiwahurumie watu zaidi ya 120,000, na mifugo yao pia. Nabii alitaka utabiri wake utimie. Mungu alitaka watu wapone. Hicho ndicho kipimo cha mhubiri yeyote wa hukumu. Je, anatamani atokee mwongo kwa sababu watu wamepona, au anatamani watu wafe ili aonekane alisema kweli?

Serikali ilikuwa wapi?

Baada ya Shakahola, Rais William Ruto aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Jessie Lesiit, na jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi la kupitia sheria za taasisi za dini. Seneti nayo ilikuwa na kamati yake, chini ya Seneta Danson Mungatana. Mjadala mkubwa ukawa wa kuyadhibiti makanisa. Ulitajwa mfano wa Rwanda, ambayo mwaka 2018 ilifunga maelfu ya makanisa na kuweka sheria ya kumtaka mhubiri awe na shahada ya teolojia.

Hoja hiyo ina uzito lakini ina mtego. Kataribabo wa Kanungu alikuwa padri aliyesoma. Shahada haikumzuia. Na serikali inayopewa ufunguo wa kanisa inaweza kuutumia kwa jambo jingine. Juni 2025 serikali ya Tanzania ilifuta usajili wa kanisa la Askofu Josephat Gwajima muda mfupi baada ya yeye kukemea hadharani utekaji wa watu. Hapo hakufa mtu kwa njaa. Palisemwa neno.

Tena Shakahola haikuhitaji sheria mpya. Kumnyima mtoto chakula hadi afe ni kosa la jinai katika sheria zilizokuwapo. Mackenzie alikuwa ameshakamatwa mwaka 2017 kuhusu mafundisho yake dhidi ya shule. Machi 2023, mwezi mmoja kabla ya makaburi kufukuliwa, alikamatwa kuhusiana na vifo vya watoto wawili, akaachiwa kwa dhamana ya shilingi 10,000 za Kenya. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, katika ripoti yake ya mwaka 2024, ililaumu vyombo vya usalama kwa kupuuza taarifa walizopelekewa mapema. Wananchi walisema, ndugu wa waliopotea walisema, waandishi wa habari walisema. Mbiu ya mgambo ililia na mwenye kazi ya kuitikia hakutoka.

Na hata baada ya hapo hapakuwa na funzo la kutosha. Mwaka 2025, miaka miwili tu baadaye, miili mingine zaidi ya 30 ilifukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti hiyohiyo ya Kilifi.

Sisi tulio mbali

Msomaji aliye Muscat, London au Minneapolis anaweza kudhani haya ni ya watu wa msituni. Siyo. Mackenzie alihubiri kwa televisheni na YouTube, na video haina haja ya viza. Mtu anayefanya kazi ya usiku ughaibuni, mbali na wazazi, bila mchungaji anayemjua kwa jina, ni msikilizaji mzuri wa nabii wa kwenye simu. Na sadaka inayotumwa kutoka nje ndiyo inayoweza kununua ekari za msitu.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, uliza. Mhubiri huyo anaruhusu maswali? Hesabu za fedha zinaonekana? Anawaacha waumini wawasiliane na ndugu zao, wapeleke watoto shule na hospitali? Anapohubiri ghadhabu, inaanza na nani, na wakubwa au na wanyonge? Na ndugu yako akikuambia kwamba anauza shamba kwa sababu mwisho umefika, usimcheke wala usimkatie simu. Ukimcheka utakuwa umemthibitishia alichoambiwa, kwamba walimwengu watamdhihaki. Mpigie tena kesho.

Paulo aliwahi kukutana na tatizo hili Thesalonike. Kulikuwa na watu waliosikia kwamba siku ya Bwana imeshafika, na kulikuwa na walioacha kazi wakawa wanazurura. Hakuwaambia kwamba siku hiyo haipo. Aliwaambia wasidanganyike, kisha akawaambia wafanye kazi kwa utulivu na wale chakula chao wenyewe.

Familia za Shakahola zilianza kukabidhiwa miili ya wapendwa wao Machi 2024 katika hospitali ya Malindi, baada ya vipimo vya vinasaba. Wengine walipokea jeneza zaidi ya moja. Miili mingine mingi ilibaki bila kutambuliwa.

Mahakama za Kenya zina kazi yake, na Mkristo anaamini iko mahakama nyingine isiyopokea dhamana ya shilingi 10,000. Lakini swali litakaloulizwa huko halikufichwa. Limeandikwa kwenye Mathayo 25, na kila mwenye kujua kusoma anaweza kulisoma leo. Ni habari ya njaa na kiu, ya mgeni na mfungwa. Majibu yake yanaandaliwa sasa hivi, jikoni kwetu na mlangoni kwetu, kabla ya parapanda yoyote kulia.